KIJANA WA LODWAR AENDAPO KUSOMEA PICHA

Na Mwandishi Wetu

Mtoto wa Lodwar akirudi nyumbani na barua ya kumwita chuoni kusomea ualimu, uuguzi au sheria, wazazi wake hawana swali ila moja: karo ni kiasi gani? Lakini akisema kwamba anakwenda kusomea upigaji picha, swali la karo husukumwa nyuma na maswali mengine yakatangulia. Kupiga picha nako kwataka shahada? Miaka minne mizima kujifunza kubonyeza kidude kimoja? Mbona yule kijana wa mjini, mwenye kibanda cha picha za vitambulisho, hakusomea popote na watoto wake hawalali njaa?

Maswali haya si ya kuchekwa. Mbuzi ni mali, na anayeuza mbuzi wake ana haki ya kuuliza fedha zinakwenda kununua nini. Jibu analopewa mzazi aghalabu huwa fupi: "Utaona, baba." Mimi naona hilo si jibu. Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, tuutazame mwaka huo wa kwanza, maana ndio mgumu, na kijana atokaye Turkana huukuta mgumu kwa sababu ambazo mwenzake wa Nyeri au wa Kisumu hana habari nazo.

Kwanza safari yenyewe. Lodwar ina chuo chake kikuu, kilichoanzishwa mwaka 2017 kikiwa chuo kishiriki cha Masinde Muliro cha Kakamega. Lakini anayetaka kamera hasa kwa kawaida hupanda basi la kuteremka kusini: Lokichar, Kainuk, Marich, halafu ule mlima wa kwenda Kapenguria ambapo kijana wa jangwani huanza kutafuta sweta, kisha Kitale, yapata kilomita 300 kutoka alikoanzia. Nairobi bado iko mbali. Na huko pia asitarajie kukuta vyuo vimepanga foleni kumngoja. Vyuo vingi vya humu nchini hufundisha upigaji picha kama somo moja ndani ya shahada ya uandishi wa habari, ya filamu au ya usanifu. Mwanafunzi hujikuta anasoma mambo kumi ili apate hilo moja alilolifuata.

JUA LA UTOSI

Jambo linalowashangaza wanafunzi wapya ni kwamba miezi ya kwanza hawapigi picha za kupendeza hata kidogo. Hupewa yai jeupe waliweke juu ya karatasi nyeupe, walipige mpaka lionekane mviringo wake. Hupiga ukuta. Hupiga kikombe kile kile mara thelathini, kila mara wamebadili kitu kimoja tu: upana wa tundu la lenzi, au kasi ya kufunguka na kufunga, au wepesi wa kamera kuupokea mwanga. Mambo ni hayo matatu, na ukiongeza hapa huna budi kupunguza pale, kama mama anayepima unga, maji na moto wa ugali. Kuyajua kwa maneno ni kazi ya siku moja. Kuyajua kwa vidole, bila kufikiri, humaliza mwaka.

Iko kanuni moja ya kale ambayo wapiga picha walirithishana kabla kamera hazijaanza kujipimia zenyewe. Siku ya jua kali lisilo na wingu, tundu la lenzi liwe namba 16, na kasi iwe sawa na namba ya filamu. Filamu ya 100, basi sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwanafunzi wa Limuru huikariri kanuni hii huku akichungulia dirishani kuona kama ukungu umeondoka. Wa Lodwar hana haja ya kungoja, kwani kwao karibu kila siku ni siku ya namba 16. Mji uko nyuzi tatu tu kaskazini ya Ikweta, na mwishoni mwa Machi, na tena katikati ya Septemba, jua la saa sita na nusu husimama utosini kabisa hata mtu akakikanyaga kivuli chake.

Lakini jua hilo hilo ndilo linalomwadhibu. Kamera haioni kama jicho. Ndani yake mna kipimo cha mwanga, na kipimo hicho kimetengenezwa kuamini kwamba vitu vyote vya duniani, ukivichanganya pamoja, hutoa kijivu cha kadiri, kijivu kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga unaokiangukia. Sasa mwelekezee kamera mama wa Kiturkana aliyesimama juu ya mchanga mweupe wa mto Turkwel adhuhuri. Kipimo huuona ule mchanga mwingi, kikadhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Mchanga hutoka kijivu, na uso wa mama hutoka kama kivuli. Macho hayaonekani, tabasamu halionekani. Kila aliyesoma shule za kaskazini anayo nyumbani picha ya namna hiyo: darasa zima limesimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na mashati yanatambulikana kuliko nyuso.

Wala si mchanga peke yake wa kulaumiwa. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi, na juu ya kadi hiyo palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi zikaitwa Shirley. Fundi akiona Shirley ametoka vizuri alijua mashine yake iko sawa, na asiyefanana na Shirley shauri yake. Filamu za rangi zilipoanza kurekebishwa zipokee vyema rangi za weusi na kahawia, sehemu kubwa ya malalamiko yaliyosukuma mabadiliko yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilikuwa hazitofautiani katika picha za matangazo. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu. Mwanafunzi mweusi akilisikia jambo hili mara ya kwanza darasani huacha kujilaumu kwa zile picha za shule.

Dawa yenyewe ni rahisi akishaijua. Kipimo kiwekwe usoni mwa mtu, si katika mandhari yote. Mtu asogezwe ukingoni mwa kivuli, chini ya mti au mlangoni mwa nyumba, auelekee mchanga ulio juani. Hapo mchanga ule ule uliokuwa adui hugeuka kuwa taa, huurusha mwanga kutoka chini ukaingia machoni na chini ya kidevu. Wapiga picha wa Ulaya hununua mbao nyeupe na vitambaa vya fedha kwa kazi hiyo. Lodwar vitu hivyo vimemwagwa chini bure, kilomita kwa kilomita. Na asubuhi, jua linapochomoza karibu na saa kumi na mbili unusu, kuna muda usiozidi saa moja ambapo mwanga huja umelala ubavu, laini, wa rangi ya asali, na hata mawe meusi ya vilima vilivyouzunguka mji huonekana kama yamepakwa mafuta. Baada ya saa mbili mwenye busara huirudisha kamera mkobani.

Vumbi nalo lina somo lake. Anayebadilisha lenzi nje wakati upepo wa jioni umeanza atakuta madoa katika picha zake zote za wiki hiyo, mahali pale pale, mfano wa inzi aliyekataa kufukuzwa.

"KWA NINI ULISIMAMA HAPO?"

Maisha yenyewe ya mwaka huo ni ya kuazimana. Kamera za chuo ni chache kuliko wanafunzi, hutolewa kwa zamu na kurudishwa kwa saa, na anayechelewa huchukiwa na darasa zima. Wenye wazazi wenye uwezo huja na zao. Wengine hununua kuukuu, au hupiga kwa simu ya mkononi na kusema kwamba ndivyo walivyotaka. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ukifika umekwisha kuliwa nusu na madeni. Kwa hivyo kabla muhula wa kwanza haujaisha, kijana amekwisha kujiingiza katika harusi za Jumamosi akiwa msaidizi wa mpiga picha fulani, kazi yake kubeba taa na kuwaomba wajomba wasogee. Walimu wengine hawazipendi kazi hizi, husema zinaharibu jicho. Mimi siamini. Harusini hujifunza kitu ambacho yai jeupe haliwezi kukufundisha, nacho ni kuwaambia watu wazima hamsini wakae kimya wakakutii.

Halafu kuna ile siku ya kila wiki ambayo wanafunzi huiita mahakama. Picha hubandikwa ukutani, mwenyewe husimama kando, na wenzake huzichambua. Mtu aliyesifiwa na kijiji kizima kwa picha zake za simu hugundua hapo kwamba nguzo ya umeme imeota kichwani mwa bibi harusi. Wapo wanaolia. Lakini mwalimu mzuri mara nyingi hatamki kwamba picha ni mbaya. Huuliza swali moja tu: "Kwa nini ulisimama hapo?"

Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Kila picha ni ya mtu aliyesimama mahali fulani, akauchagua upande huo akaacha mwingine, akawa mrefu juu ya anayepigwa au akachutama wakawa sawa. Na ni katika swali hili ambapo mwaka wa kwanza wa kijana wa Turkana huachana na mwaka wa wenzake.

Wenzake humwambia, wakidhani wanamsifu: "Wewe una bahati, kwenu kuna picha." Wanamaanisha ngamia, shanga za shingoni, ardhi iliyopasuka, mtoto mwenye mbavu. Picha hizo wamezijua tangu utotoni, na yeye pia amezijua, maana ndizo alizoziona vitabuni na katika kalenda za hoteli. Mwaka 1971 Mirella Ricciardi, aliyezaliwa humu humu Kenya, alitoa kitabu cha picha ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Afrika Inayotoweka, na kikazunguka dunia nzima. Mwaka 1981 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alitoa kitabu chake juu ya Ziwa Turkana na watu wake. Ni vitabu vya mafundi, na mwenye kusomea kazi hii hawezi kuvipuuza. Hata hivyo zaidi ya nusu karne imepita tangu Afrika ile iagwe, na akina mama wenye shanga bado wanaonekana sokoni Lodwar, wengine wameshika simu sikioni. Aliyetoweka ni mpiga picha, aliyepanda ndege akarudi kwao.

MWENYE KULIPA NI NANI?

Darasani historia ya picha huanza Ufaransa, mwaka 1839, na Daguerre. Ni haki yake. Lakini mwalimu anayejua kazi huifikisha pwani yetu pia, kwa sababu picha ilifika Unguja na Mombasa kabla karne ya 19 haijaisha, na ikapata wateja. Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na Parekh. Lamu, Omar Said Bakor alisifika kwa picha za kuunganisha, kazi ya mkasi na chumba cha giza. Baadaye, katika miaka ya 1990, kivukoni Likoni palikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na kijana wa bara aliyekuja kutafuta kazi aliweza kutuma nyumbani picha yake amesimama mbele ya ndege ambayo hajaipanda.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda huko. Mteja alitoka nyumbani ameoga, amevaa nguo aliyoichagua, akachagua pazia, akachagua namna ya kukaa. Akalipa. Akaondoka na picha yake, ikatundikwa ukutani kwake.

Turkana mambo yalikwenda kinyume. Kwanza, wilaya yenyewe ilifungwa na serikali ya kikoloni, na kuingia kulihitaji kibali. Ndiyo sababu Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa kaskazini, Lokitaung kuanzia 1953, kisha Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961, mahali ambapo macho ya watu hayangemfikia. Kwa miaka ile wananchi hawakuwa na sura yake ya karibuni. Waandishi walipokutana naye Maralal mnamo Aprili 1961, baada ya kutolewa Lodwar, picha zake zilikuwa habari kubwa kama maneno yake. Kwa mkaaji wa kawaida wa Turkana studio haikuwapo. Mpiga picha alikuja kwa gari la kigeni, akachagua yeye mtu wa kupigwa, akachagua yeye nguo, mara nyingine akamwomba mtu avue shati la dukani avae ngozi, akapiga, akaondoka na picha. Haikurudi.

Ndipo likazuka swali ambalo kila mgeni mwenye kamera amekutana nalo huko kaskazini: "Utatupa nini?" Wageni wengi huchukizwa nalo, husema watu wameharibiwa na utalii. Mimi naliona ni swali la kibiashara la watu wenye akili timamu. Pwani mtu alimlipa mpiga picha kwa sababu picha ilikuwa yake. Turkana mtu hudai alipwe kwa sababu amekwisha kuelewa kwamba picha si yake, ni ya huyo anayeondoka nayo. Mkono mtupu haulambwi.

Basi fikiria likizo ya kwanza. Mwanafunzi amepewa zoezi ambalo walimu hulipenda sana: nenda nyumbani, urudi na picha za watu wa kwenu. Anashuka basi Lodwar na mkoba mgongoni. Betri ni lazima zijazwe mapema, maana mji huu kwa miaka mingi uliwashwa na jenereta za dizeli huku umeme wa bwawa la Turkwel, lililoanza kuzalisha mwaka 1991, ukipita kwenda kuwasha miji ya kusini. Anakwenda kijijini kwa nyanya yake. Anaamkia, "Ejoka?" anaitikiwa, anaulizwa habari za masomo. Kisha anaitoa kamera, na watu waliomlea wanabadilika mbele ya macho yake. Wengine wanaficha nyuso. Wengine wanajipanga na kukunja sura kama walivyozoea kupigwa. Jirani anaanza kuimba bila kuombwa, na akimaliza ananyosha mkono.

Hapo kijana hujua kwamba amesimama mahali pa yule mgeni. Hakuna somo la darasani lililomwandaa kwa hilo.

Lipo jibu la haraka, nalo ni kuzipiga zile zile. Nyumba ya makuti, mzee juu ya ekicholong, kile kigoda cha kukalia na kulazia kichwa, mtoto na kibuyu. Zitapata alama nzuri mahakamani, huenda zikashinda shindano. Sisemi kwamba picha za shida ni uongo au dhambi. Mohamed Amin huyo huyo alipopiga filamu ya njaa ya Korem, Ethiopia, na BBC ikaitangaza mwezi Oktoba 1984, dunia ilishtuka na chakula kikapelekwa. Turkana yenyewe mnamo Julai 2011 ilionekana kwenye televisheni na magazetini ikiwa katika ukame mkubwa, na kampeni ya Wakenya kwa Kenya ikachangisha zaidi ya shilingi milioni 600, nyingine zikitumwa kwa simu, shilingi kumi kumi. Watu walikula kwa sababu ya picha. Asiyelikubali hilo asiguse kamera. Lakini mwenye picha ile, yule mama aliyeonekana na nchi nzima, mara nyingi hakuandikwa hata jina. Ukame ulipokwisha, picha ikabaki, na kila mtu wa Turkana aliyekwenda Nairobi baadaye akaulizwa kama kwao wamepata chakula.

Wako waliokwisha kutangulia kulifikiria jambo hili. Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi aliyezaliwa 1935, alikuwa amekwisha kupiga picha za mapambano ya uhuru alipokwenda kusomea kazi hiyo Los Angeles, Marekani, katika chuo cha Art Center. Alirudi Afrika karibu na siku za uhuru wa Kenya, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuyafanyia kazi majarida makubwa ya Marekani, akauawa kwa risasi vitani Biafra mwaka 1968. Picha zake zilikaa miongo kadhaa katika gereji Nairobi kabla hazijatolewa tena hadharani. Ninamtaja kwa sababu alikwenda chuoni akiwa tayari na watu wake na habari yao, akaongezewa ufundi.

Mwingine ni Fazal Sheikh, aliyezaliwa New York mwaka 1965 na baba Mkenya. Mwaka 1992 alikuwa Lokichoggio, kaskazini ya Kakuma, wakati Wasudani walipokuwa wakivuka mpaka kukimbia vita. Waandishi wa habari walikuja kwa ndege, wakapiga, wakaondoka. Yeye alibaki. Aliwaomba watu ruhusa, wakasimama walivyotaka wao, wakaitazama lenzi, na chini ya picha akaandika majina yao. Ukizitazama picha hizo leo huoni "mkimbizi". Unamwona fulani, na dada yake, na mtoto wao.

KAKUMA WAMEANZA

Mwaka huo huo wa 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, na sasa pamoja na makazi ya Kalobeyei ina zaidi ya watu laki mbili. Kwa wengi wao mlango wa kuingilia Kenya ulikuwa ni kupigwa picha ya kuandikishwa: kaa hapa, tazama mbele, anayefuata. Ni ajabu basi kwamba hapo hapo ndipo vijana walipowahi kuigeuza kamera. Shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu Kakuma mwaka 2001, likaja kufundisha vijana kutengeneza zao. Mwishoni mwa 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, Kanere, wakaandika habari za kambi bila kungoja mgeni aje aziandike. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu humo maduka na biashara zaidi ya 2,000, na penye maduka, harusi na sikukuu, mpiga picha hakosi. Mtu huvaa vizuri, hupigwa, hulipa, hutuma picha Juba, Mogadishu au Minnesota. Ni Likoni iliyohamia jangwani.

Kwa hivyo mwanafunzi wetu akitaka mwalimu wa pili wakati wa likizo, asiende mbali. Apande gari hadi Kakuma. Au akae siku tatu katika kibanda cha yule kijana wa Lodwar ambaye baba yake alimtolea mfano. Huko atajifunza kwamba mzee anayekataa kupigwa kijijini huja mwenyewe mjini kupigwa picha ya kitambulisho, amenyoa, na akiletewa picha ambayo uso wake haukutoka vizuri huirudisha na kudai ipigwe upya. Ni haki yake, kwa kuwa amelipa. Kijana wa kibandani hajui asilimia 18 ni nini, lakini anajua kupima usoni, maana asipopima hali.

Sheria nayo sasa imeingia. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 picha ya mtu anayetambulikana ni mali inayohitaji uangalifu. Mnamo Septemba 2023 shule moja humu nchini ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Wanafunzi hufundishwa kuwasainisha watu karatasi za ruhusa. Ni vizuri, ila karatasi ya Kiingereza mkononi mwa mama asiyesoma Kiingereza haimlindi mama. Inamlinda mwenye kamera. Anayeijua lugha ya mama huyo anaweza kuketi, kueleza picha inakwenda wapi, nani ataiona, na kama itarudi. Hii ndiyo mali ambayo kijana wa Lodwar anayo na darasa zima halina, na hakuna chuo kinachoitoza karo.

Na kama itarudi, irudi kwenye karatasi. Simu humwonyesha nyanya uso wake kwa dakika moja, kisha simu huondoka na uso. Kuchapisha picha thelathini mjini Lodwar ni gharama kwa mwanafunzi, ni kweli, lakini ni gharama ya harusi moja ya Jumamosi. Azipeleke kijijini kabla ya kuzipeleka mahakamani. Azigawe kwa majina. Kutakuwa na wa kucheka, na wa kusema kwamba huyu si mimi, na bila shaka kutakuwa na mama mmoja atakayeitazama yake kwa muda mrefu, airudishe, na kumwambia angoje kwanza akavae shanga zake nyingine, halafu asimame pale, si hapa, kwa sababu hapa jua linamwingia machoni.